Sera ya mitihani katika shule ya binti yangu: nawapa tatu kati ya tano

Binti yangu yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa ya Kikristo hapa Nakuru, upande wa Lanet. Jina la shule naliacha. Siku ya kumsajili nilipewa kijitabu cha sheria, nikatia sahihi ukurasa wa mwisho nikiwa nimesimama dirishani kwa karani, nikakirudisha papo hapo bila kusoma hata mstari.

Mwisho wa muhula wa kwanza akashikwa na homa ya matumbo. Siku ya Kemia alikuwa kitandani na dripu mkononi. Ripoti fomu ilipofika, Kemia ilikuwa na alama 18, E. Hapo ndipo nilipojua kwamba majaribio ya kati ya muhula yanabeba 30 tu, na mtihani wa mwisho 70. Msichana alikuwa amepata 18 kati ya hizo 30, kazi si mbaya, lakini asiyefanya mtihani wa mwisho huandikiwa sifuri.

E moja tu, utasema. Lakini piga hesabu. E ni pointi 1, na Kemia kwa kawaida yeye hupata C+, pointi 7. Badala ya jumla ya pointi 47 katika masomo saba, akawa na 41, wastani ukashuka hadi C. Katika KCSE, mtihani wa taifa wa mwisho wa kidato cha nne, C+ huanzia pointi 46, na C+ ndiyo mlango wa shahada chuo kikuu. Nyumbani hakulala mtu.

Nikaenda shuleni na barua ya hospitali. "Karibu mzazi," mwalimu wa masomo akaniambia, "kijitabu chako unacho?" Sina. Akafungua chake: barua hupelekwa ndani ya siku saba. Mimi nilikuwa nimefika siku ya kumi na nane. Akautazama mhuri na tarehe kwa muda mrefu, akaingia kwa mwalimu mkuu, akatoka na karatasi ya ruhusa.

Wiki ya kufungua muhula wa pili binti alifanya mtihani wake peke yake, chumba cha nyuma ya kanisa la shule. Maswali yalikuwa mapya, na magumu kweli. Akapata 54 kwa mia, yaani kama 38 kati ya zile 70, ambazo pamoja na 18 za majaribio zilimpa 56. C+ yake ikarudi.

Hapo nawasifu. Pia napenda kwamba ibada na nidhamu zina mstari wao pembeni mwa ripoti fomu na haziguzi wastani. Nilidhani shule ya kanisa itamwongezea alama mtoto anayejua kuimba. CRE, somo la dini ya Kikristo, ni lazima hadi kidato cha nne, kwa hiyo anayetaka IRE, la dini ya Kiislamu, atafute kwingine mapema.

Kinachonikera ni kifungu cha mwisho: mwenye wastani chini ya C- arudie darasa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumrudishisha mwanafunzi darasa. Tena hawa ndio kundi la mwisho la 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu, nyuma yao kuna Gredi ya 10 ya mfumo mpya, kidato cha tatu kingine hakipo. Nikamuuliza mwalimu atakayerudia ataketi na nani. Akacheka, akachukua kalamu nyekundu, akakikata kifungu hicho katika nakala yangu mpya.