Sesheni 12 za tiba ya kiwewe, nyota 4 kati ya 5 (ndefu kidogo, mnisamehe)

Wadau naacha maoni yangu hapa maana mi mwenyewe kabla sijaanza nilitafuta mtu wa kunambia huko ndani wanafanyaga nini hasa nikakosa, kila mahali ni "nenda kaongee na mtaalamu utakuwa sawa". Sawa, naenda, naongea nini sasa?

Kwa kifupi: ajali ya gari, usiku, mi nimekaa kiti cha mbele, lori limeegeshwa barabarani bila taa. Mwili ulipona ndani ya wiki 6, kichwa ndo kikabaki kulekule. Miezi kumi usingizi wa mang'amung'amu, breki ikilia hata kama ni ya baiskeli nakauka, na harufu ya dizeli ndo usiseme, yaani sio kwamba nakumbuka, narudi palepale nasikia vioo vikipasuka. Nikaacha kukaa mbele, afu nikaacha kupanda gari usiku, afu nikaacha gari kabisa, nikawa natembea kwa miguu watu wakiniuliza nasema nafanya mazoezi 😅

Mtaalamu wa kwanza simtaji. Mpole, anasikiliza, tishu zipo za kutosha. Sesheni 4 zote nilitoka nimelia, jioni hiyo najisikia mwepesi, kesho yake hali ileile. Nikamuuliza mpango wetu ni upi akasema tutaona mbele ya safari. Sio mtu mbaya jamani, ila kiwewe hakikuwa fani yake na hakunambia. Nyota 2, moja ya upole na moja ya tishu.

Wa pili ndo haya maoni yanamhusu. Siku ya kwanza kanipa fomu ya maswali 20, kila swali unajipa alama kuanzia 0 mpaka 4, nikapata 58 kati ya 80 (alama zikiwa juu ndo hali mbaya). Akasema hii tutaijaza tena na tena ili tusidanganyane. Hapo tu nikampenda. Akanieleza kwamba kinacholisha hii hali ni kule kukwepa, kila nikikwepa napata nafuu ya muda na ubongo unajifunza kwamba kweli kile kitu kilikuwa cha kuua. Njia aliyotumia ilitengenezwa na mwanasaikolojia Edna Foa, kawaida ni sesheni 8 hadi 15 za kama dakika 90. Nilimuuliza na ile ya kufuatisha macho vidole au taa, EMDR, ile aliyoianzisha Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 80, nilikuwa naiona kama mazingaombwe. Akacheka akasema hapana, Shirika la Afya Duniani lenyewe liliipendekeza 2013 pamoja na tiba za aina kama hii yetu, mtu anaweza kwenda na yoyote kati ya hizo ilimradi anayeitoa kaisomea.

Sasa kazi yenyewe. Unafumba macho unasimulia ajali kama inatokea sasa hivi, "naona taa, nashika mkanda", mwanzo mpaka mwisho, ukimaliza unaanza tena, na kila baada ya muda anakuuliza hofu ni ngapi kati ya 100. Yote inarekodiwa, unaenda nayo nyumbani unaisikiliza kwenye simu KILA SIKU. Nilimchukia huyo mtu. Pia mnaandika orodha ya vitu unavyovikwepa kuanzia chepesi mpaka kizito, mi cha kwanza kilikuwa kukaa tu ndani ya gari lililozimwa, unakaa humo mpaka hofu ishuke yenyewe, hukimbii.

Wiki ya tatu na ya nne nilizidiwa, ndoto zikaongezeka, na nusura niache. Alikuwa ameshanitahadharisha kwahiyo sikushtuka sana, ila kama na wewe uko hapo mwambie mtaalamu wako, usipotee kimyakimya.

Kilichonibadilisha kilitokea sesheni ya 6. Miezi yote hiyo nilikuwa najilaumu, kwamba nilikaa pale mbele nikanyamaza, ningesema neno tusingegonga. Basi siku hiyo nasimulia kwa mara ya sijui ngapi, nimefika pale kabla ya kona, mdomo wangu wenyewe ukasema "namwambia punguza mwendo, anasema tunakaribia". Nikanyamaza. Nilikuwa nimesema! Kile kipande sikuwahi kukifikia kwasababu kila kumbukumbu ikianza naikata kabla haijafika hapo. Mtaalamu hakusema chochote cha maana, kaandika kitu kwenye karatasi akaniuliza hofu ngapi. Nikasema 40, nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Fomu ya mwisho nimepata 19. Nalala. Gari napanda, mchana na usiku, japo usiku bado nashika mkanda kwa mkono kama mtoto.

Nyota moja nimeikata kwa nini? Kwanza kusubiri, kuna siku nilikaa nje karibu saa nzima na huku roho iko juu kwasababu unajua unaenda kusimulia nini. Pili kuta nyembamba, nilimsikia mwenzangu aliyenitangulia akilia, nikajiuliza na mi wamenisikia wangapi. Hilo nililalamika wakahamisha viti, ila walitakiwa waone wenyewe.

Anayetaka kuanza, siku ya kwanza muulize tu mtaalamu: unatumia njia gani kwa kiwewe, ni sesheni kama ngapi, na tutajuaje kama inafanya kazi? Akijiumauma tafuta mwingine.

Ile rekodi bado iko kwenye simu, dakika 41. Mara ya mwisho niliisikiliza nikiwa napiga pasi, nikajikuta imeisha nikiwa kwenye shati la pili na sikumbuki sehemu ya lori ilipita saa ngapi.