Heidelberg au Dürnstein: twende ngome ipi?

Kila kiangazi wenzetu wanaoishi Ulaya huuliza: mwenye siku moja tu aende Heidelberg, Ujerumani, kando ya mto Neckar, au Dürnstein, Austria, kando ya Danube?

Kwa historia, Heidelberg ina mengi zaidi. Majeshi ya Ufaransa yaliibomoa ngome mwaka 1689 na tena 1693, kisha radi ikaipiga 1764. Dürnstein ina tukio moja, lakini zito: Richard, mfalme wa Uingereza, alifungwa hapo majira ya baridi ya 1192 kuingia 1193. Wanajeshi wa Uswidi waliivunja mwaka 1645.

Kwa hekaya, moyo wangu uko Dürnstein. Husimuliwa kuwa mwimbaji Blondel alizunguka ngome baada ya ngome akiimba chini ya kuta, hadi siku sauti ya mfalme ilipomjibu kwa ubeti uliofuata. Heidelberg wana Perkeo, mlinzi wa pipa la mvinyo, anayesemekana alikufa baada ya kunywa maji. Pipa lenyewe, la mwaka 1751, ni la takriban lita 220,000. Unapanda ngazi kufika mgongoni mwake.

Gharama? Magofu ya Dürnstein ni bure, Heidelberg unakata tiketi. Ila Heidelberg kuna kitreni kinachovutwa kwa kamba ya chuma hadi juu. Dürnstein ni miguu yako, njia ya mawe na jua la utosini. Mwenye watoto wadogo au magoti yanayouma, Heidelberg. Anayetaka kukaa juu ya jabali akiutazama mto unavyopinda, Dürnstein, na aanze kupanda asubuhi mapema.