Seleri au poaro: ipi uitie sufuriani?

Kwenye soko la Virunga, hapa Goma, wapishi hawaachi kubishana juu ya hili. Kwa maharage, mimi naegemea seleri. Majani yake yana harufu kali na uchungu kidogo, shina lina chumvi yake ya asili, na kidogo tu kinatosha sufuria nzima. Lakini usiyatie majani mapema, yakichemka sana harufu inapotea. Shina litangulie na kitunguu na karoti. Majani yaingie ukikaribia kuepua.

Poaro ni ndugu ya kitunguu. Ikikaangwa polepole kwenye mafuta inakuwa tamu na laini. Kwa mchuzi wa sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) au supu ya viazi, hapo seleri haiifikii kabisa. Kazi iko kwenye kuosha: ipasue kwa urefu, maana udongo hujificha kati ya matabaka.

Kwa kukaa, poaro inashinda. Seleri hunyauka upesi. Asiye na friji na anayeenda sokoni mara moja kwa juma achukue poaro. Anayepita huko kila siku, seleri. Ila nyumbani kukiwa na mtu mwenye mzio wa seleri, usiitie hata jani moja.