Waya mita mbili, na bado wananidai intaneti

Tuko wanne mezani, laptopu nne, swichi moja ndogo ya kuunganisha kompyuta na nyaya zilizosokotana. Laptopu yangu na ya binamu yangu karibu zigusane. Nabofya sehemu ya kucheza kwa mtandao wa ndani (LAN, yaani kompyuta kwa kompyuta bila intaneti), gemu inanijibu: hakuna intaneti, ingia kwanza kwenye akaunti yako.

Akaunti ya nini? Ninayetaka kumpiga yuko hapa, namsikia anavyotafuna!

Ni gemu ya zamani iliyotengenezwa upya, picha zimeng'arishwa, nasi tulinunua nakala nne halali, kila mtu na yake. Jina silitaji maana nikilitaja nitatukana. Intaneti ilikuwa imekatika tangu mchana, na ndiyo sababu tulikusanyika. Nikawaandikia huduma kwa wateja kupitia simu. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa: "Tafadhali hakikisha umeunganishwa na intaneti." Yaani tatizo nililowaeleza ndilo wamenirudishia kama dawa. Nikaandika tena, taratibu, kama ninayemwelekeza mtoto. Wakasema gemu inafanya kazi kama ilivyokusudiwa, wakafunga malalamiko, halafu wakaniomba niwapimie huduma kwa nyota. Hawana haya.

Zamani haikuwa hivi: StarCraft, gemu ya vita ya 1998, ilikuruhusu kuwawekea wenzako nakala ya kualikwa, CD moja mkacheza hadi watu wanane. StarCraft II ikaja 2010 bila mtandao wa ndani kabisa. Na GameSpy, huduma ya kuchezea gemu kwa intaneti, ilipofungwa 2014, gemu kibao zilibaki bila seva ya kukutanishia wachezaji. Zile zilizokuwa na mtandao wa ndani hazikujua hata kama kuna msiba.

Basi usiku ule tukafukua CD ya Red Alert 2, gemu ya vita ya mwaka 2000. Nisiwadanganye, nayo ilitutoa jasho. Inatumia IPX, njia ya kizamani ya kompyuta kuongea mtandaoni, ambayo Windows iliitupa tangu toleo la Vista. Dawa yake ni faili dogo, wsock32.dll, unaliweka kwenye folda ya gemu nayo inaanza kupitisha mambo yake kwa UDP, njia ambayo Windows za leo bado zinaielewa. Nilikuwa nalo kwenye flashi. Ruta hatukuhitaji: kila laptopu ilijipa anwani yenyewe, zote zinaanza na 169.254, zikaelewana.

Isipokuwa ya shemeji. Tumebadilisha waya, tumezima tumewasha, jina lake halitokei.

"Shemeji, umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, jamani!"

Kumbe kweli hakugusa. Windows ikikutana na mtandao isiyoutambua inauita wa umma, na ile ngome yake ya ulinzi (firewall) inazuia wageni wote. Sisi watatu tulikuwa tumeshairuhusu gemu ipite, yeye alibofya "Ghairi" bila kusoma. Tukaiwekea alama ya kuruhusu, jina likachomoza kwenye orodha, na kelele tulizopiga ziliamsha watoto. Tulicheza mpaka alfajiri, hakuna kugandaganda, hakuna aliyetuuliza pasiwadi. Shemeji alitupiga wote. Hilo nalo linauma, lakini si la hapa.

Kwa hiyo hii mpya nyota moja.

Ingawa, tuwe wakweli, intaneti iliporudi tuliijaribu. Inawaka mara moja, hakuna faili la kubandika, hakuna kuzozana na ngome, na meli baharini zinapendeza mno. Mtu asiye na mtaalamu wa nyaya kwenye ukoo ataifurahia kuliko CD yangu. Nikasema nisiwe na kinyongo, niwape tatu.

Jana nimeifungua nihakikishe kabla ya kuandika haya. Nimechomoa waya wa intaneti makusudi, nikabofya mtandao wa ndani. Ingia kwenye akaunti yako.

Moja. Na hiyo moja ni ya zile meli.