Mlo wa Rupia 30 Mjini Ernakulam: Mkahawa wa Akina Mama na Senti 10 za Ardhi

Kwa muda wa wiki tano nilizokaa Ernakulam, katika jimbo la Kerala, nikimuuguza kaka yangu, nilikula chakula cha mchana karibu kila siku katika mkahawa mdogo wa akina mama wa Kudumbashree, mpango wa vikundi vya wanawake wa jimbo hilo, mwendo wa dakika chache kutoka hospitali aliyolazwa. Ndugu zetu wengi husafiri kutoka Tanzania kwenda India kutibiwa au kuuguza, na fedha huwaishia kwenye chakula kabla hazijawaishia kwenye dawa. Naandika tathmini hii kwanza kwa ajili yao.

Nianze na sahani yenyewe. Ni wali mwekundu wenye punje nene, mchuzi wa dengu na mboga uitwao sambar, achari ya embe, papadam moja (kimkate chembamba kikavu cha kukaanga), na thoran, yaani mboga iliyokatwa ndogondogo na kupikwa kwa nazi iliyokunwa pamoja na mbegu za haradali. Mtu wa pwani hatajiona mgeni hapo, kwa sababu nazi hukunwa asubuhi ileile na harufu yake humpokea mteja mlangoni. Samaki wa kukaanga hulipiwa mbali, na kwa maoni yangu anastahili kila rupia. Wali huongezwa bila kuombwa mara mbili. Achari ni kali mno kwa mgonjwa. Mwombeni mpakuaji aiache.

Mikahawa ya namna hii ilienea mwaka 2020, serikali ya jimbo ilipoanza kuilipa ruzuku ya rupia 10 kwa kila mlo ili mteja alipe rupia 20. Mwaka 2023 ruzuku iliondolewa na bei ikapanda hadi rupia 30, na baadhi ya akina mama walikwenda kuketi mbele ya makao ya serikali mjini Thiruvananthapuram wakidai malimbikizo yao ya ruzuku. Naona walidai haki. Bei ndogo aliyofurahia mteja ilibebwa na wanawake ambao nao si matajiri.

Kudumbashree, mpango ulioanzishwa mwaka 1998 kwa lengo la kuondoa umaskini, unafanana kwa kiasi na VICOBA zetu: wanawake kati ya 10 na 20 wa mtaa mmoja huunda kikundi, huweka akiba, hukopeshana, na vikundi hivyo huungana hadi ngazi ya halmashauri. Wanachama wake ni zaidi ya milioni nne. Nilipouliza ni kwa nini jambo hili limeshika mizizi Kerala, mama aliyekuwa akipakua, ambaye sote tulimwita chechi, yaani dada mkubwa, alinijibu kupitia binti yake anayesomea uuguzi. Alianza na kiwanja cha bibi yake.

Bibi huyo alikuwa mmoja wa watu walioruhusiwa kujenga kibanda ndani ya shamba la mwenye ardhi kwa sharti la kumfanyia kazi, na walioweza kufukuzwa siku yoyote watakayomuudhi. Serikali ya jimbo iliyoongozwa na E. M. S. Namboodiripad, iliyochaguliwa mwaka 1957, ilipiga marufuku kufukuzwa kwao ndani ya wiki ya kwanza tu, kisha ikaondolewa madarakani na serikali kuu mwaka 1959. Sheria ya ardhi ya mwaka 1963, iliyotiwa nguvu kwa marekebisho ya mwaka 1969, ilianza kufanya kazi kikamilifu tarehe 1 Januari 1970: upangaji wa mashamba ukafutwa, waliolima mashamba ya kupanga wakapewa haki ya kuyamiliki, na wenye vibanda wakapata haki ya kununua kwa bei nafuu senti 10 za ardhi vijijini, au chache zaidi mijini. Senti moja ni sehemu ya mia ya ekari, hivyo senti 10 ni takribani mita za mraba 400, zinazotosha nyumba, minazi michache na mfenesi. Ni eneo dogo, lakini kibarua asiyeweza kufukuzwa nyumbani kwake huweza kukataa ujira wa dhuluma, na hapo ndipo chechi alipoweka mkazo, akigonga meza kwa mwiko.

Meza zile ni ndefu, na kila mtu huketi popote panapobaki nafasi. Zamani haikuwa hivyo: wazee wa Kerala husimulia kwamba vibarua wa tabaka za chini walichimbiwa shimo uani, likatandikwa jani la mgomba, wakamiminiwa humo uji wa mchele. Mwaka 1917, huko Cherai, si mbali na Ernakulam, Sahodaran Ayyappan, mpinzani wa ubaguzi wa tabaka, aliandaa karamu ya watu wa tabaka mbalimbali kula pamoja, naye akatengwa na watu wa tabaka lake mwenyewe. Mezani kwa chechi nilikaa kati ya dereva wa bajaji na karani wa benki, na hakuna aliyeuliza mwenzake jina la ukoo.

Hata hivyo, sheria ile haikumfikia kila mtu. Mashamba makubwa ya chai, mpira na kahawa yalisamehewa kikomo cha ukubwa ambacho sheria iliwawekea wenye ardhi, na vibarua wengi Wadalit, yaani watu wa tabaka zilizodharauliwa kuliko zote, walipata kiwanja cha nyumba bila shamba la kulima, ilhali Waadivasi wengi, yaani watu wa makabila ya asili, waliendelea kupoteza ardhi ya mababu zao. Mwaka 2007 familia zisizo na ardhi zilihamia kwenye shamba la mpira huko Chengara na kupiga kambi zikidai ardhi. Mchicha wa thoran niliokula Jumanne moja ulitoka katika shamba ambalo kikundi cha chechi hulikodi kila msimu, kwa kuwa hakuna mwanachama hata mmoja mwenye shamba.

Fikeni kabla ya saa saba mchana, mkiwa na noti ndogondogo. Mkitaka kumpelekea mgonjwa, nendeni na chombo chenu, nao watamwekea wali laini na moru, mchuzi mwepesi wa mtindi, ambao kaka yangu aliweza kuumeza siku ambazo chakula kingine chote kilimshinda.