Uzoefu wangu London: makumbusho matatu yenye bustani na mkahawa ndani

Ratiba nyingi za London ni za kukimbizana. Makumbusho asubuhi, bustani mchana upande wa pili wa jiji, halafu unaanza kutafuta pa kunywea chai wakati miguu imeshakufa ganzi. Mimi siendi hivyo. Nachagua makumbusho yenye bustani yake na mkahawa wake, naingia asubuhi na nakaa mpaka nitosheke. Haya matatu nayapendekeza kwa moyo mmoja, na naanza na ninayoyapenda kuliko yote.

Garden Museum iko Lambeth, kando ya mto Thames, imepakana na makao ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Zamani jengo hili lilikuwa kanisa, St Mary-at-Lambeth. Liliachwa bila waumini na lilikuwa linasubiri kubomolewa. Kilicholiokoa ni kaburi lililo uani, la John Tradescant, mtunza bustani wa mfalme katika karne ya 17, aliyesafiri nchi za mbali akikusanya mbegu na miche. Wapenzi wa bustani wakalipigania, na mwaka 1977 likawa makumbusho ya historia ya bustani. Kaburi lina nakshi pande zote. Inama uangalie: utaona mamba na makombe ya baharini, vitu vya ajabu kwa mkazi wa London wa zama zile.

Hatua chache kutoka hapo amelala nahodha William Bligh, aliyefariki mwaka 1817. Ndiye yule ambaye mabaharia wake wa meli ya Bounty walimwasi mwaka 1789. Kisa hicho wengi wanakijua, lakini shehena ya meli haitajwi sana. Ilikuwa miche ya mishelisheli kutoka Tahiti, ipelekwe visiwa vya Karibi ili wenye mashamba wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Safari ya pili Bligh akaifikisha, mwaka 1793. Mimi nimelijua shelisheli tangu utotoni kama tunda la uani tu, na pale kaburini ndipo nilipoelewa kuwa mti nao unaweza kubebeshwa mzigo wa utumwa. Makumbusho machache yamenifundisha jambo zito kiasi hicho nikiwa nimesimama kwenye majani.

Ndani, vitu vingi ni vidogo: mikasi, majembe, pakiti za mbegu. Usivipite haraka. Tafuta chungu cha kumwagilia cha kizamani, cha udongo, chenye matundu madogo chini na tundu moja juu. Ukikijaza maji kisha ukaziba tundu la juu kwa kidole gumba, hayatoki. Ukiachia kidole, yanashuka manyunyu. Hakuna bomba wala koki, ni hewa tu inayofanya kazi yote. Mnara wa kanisa nao unapandika. Ngazi ni nyembamba na zinazunguka, ila ukifika juu unaliona Bunge ng'ambo ya mto. Mkahawa ulijengwa katika ukarabati uliokamilika mwaka 2017, na una vioo vikubwa vinavyoelekea kwenye miti na mimea. Hapa kiingilio kinalipwa, na kwangu kinastahili.

Victoria and Albert Museum, South Kensington, haihitaji sifa zangu, na kuingia ni bure isipokuwa maonyesho maalumu. Naomba tu usiuchukulie mkahawa wake kama pa kupumzikia kisha uondoke. Vyumba vyake vitatu vya zamani ni sehemu ya makumbusho, na vinahesabiwa kuwa mkahawa wa kwanza duniani kujengwa ndani ya makumbusho, tangu miaka ya 1860. Kimoja kimevikwa vigae kuanzia kuta hadi nguzo. Cha kijani kilipambwa na kampuni ya William Morris, msanii wa mapambo, akiwa bado hajawa maarufu. Cha tatu kina vigae vya buluu vilivyopakwa rangi kwa mkono na wanafunzi wa kike wa sanaa. Fika kabla ya saa sita mchana, uagize chai na skoni (kijimkate kitamu), uchague meza ya pembeni na uangalie juu. Uani kuna bustani yenye kidimbwi cha duara refu chenye kina kifupi, na siku za joto watoto huvua viatu wakaingia majini bila kufukuzwa. Jengo ni kubwa mno, kwa hiyo chagua kumbi mbili, basi.

Horniman iko mbali kidogo, Forest Hill, kusini mwa jiji, lakini treni ya kutoka London Bridge inakufikisha upesi. Aliyeianzisha, Frederick Horniman, alikuwa tajiri wa biashara ya majani ya chai, na jengo lilifunguliwa mwaka 1901. Kuingia makumbusho na bustani ni bure. Bustani iko mlimani, na ukisimama karibu na jukwaa la muziki unaliona jiji lote limelala chini. Kuna pia sehemu iliyopandwa mimea ya kutengenezea rangi za nguo. Soma vibao vyake. Mwaka 2022 makumbusho haya yalikabidhi kwa Nigeria umiliki wa vitu 72 vilivyoporwa mwaka 1897 katika Jiji la Benin, lililo Nigeria ya leo, na kwangu hilo limebadilisha kabisa ninavyotembea katika ukumbi wao wa tamaduni za dunia. Ukumbi wa wanyama, wenye yule walrasi (mnyama mkubwa wa bahari za baridi) ambaye ngozi yake ilikaushwa na kujazwa mpaka mikunjo yote ikapotea, ulifungwa mwaka 2024 kwa ukarabati, kwa hiyo ulizia kabla ya kwenda.

Mwenye watoto aanze na Horniman, kwa sababu ya nafasi ya kukimbia. Mwenye siku moja tu, hata kama hajawahi kushika jembe, aende Lambeth.