Open Rails: uzoefu wangu na treni ya mizigo ndani ya kompyuta

Malindi hatuna reli. Ya karibu iko Mombasa, ambako treni za SGR (reli ya kisasa ya Kenya) zimekuwa zikibeba makontena kutoka bandarini tangu mwaka 2018. Kwa hiyo kazi ya dereva nimeifuatilia kupitia Open Rails, programu isiyolipiwa inayoigiza uendeshaji wa treni, ikitumia njia na treni zilizotengenezewa mchezo wa Microsoft Train Simulator wa mwaka 2001. Njia niipendayo ni Marias Pass, jimboni Montana, Marekani, ambako treni za kampuni ya BNSF huvuka milima ya Rocky.

Picha zake ni za kizamani, na anayetafuta mandhari atachoka mapema. Uhalisi wake uko kwenye breki, ambazo hushika upepo ukipungua kwenye bomba la treni. Ukibonyeza F5, kisha Shift na F5 hadi ufike ukurasa wa breki, utaonyeshwa presha ya kila behewa, na hapo utaona upepo ukipungua mbele kwanza, kisha nyuma, huku mabehewa ambayo hayajashika breki yakiyasukuma yaliyotangulia. Isitoshe, breki za treni za mizigo za Marekani haziachiwi kidogo kidogo: ukianza kuziachia zinaachia zote, na matangi ya mabehewa yanahitaji muda kujaa tena. Anayeshuka kwa pupa, akifunga na kufungua, huishiwa upepo kabla mteremko haujaisha. Ndiyo maana dereva hutegemea pia breki ya mota, ambayo hugeuza mzunguko wa magurudumu kuwa umeme na kuutoa kama joto.

Udhaifu uko kabla ya safari kuanza. Ukibonyeza Shift pamoja na alama ya mkwaju (/), treni nzima hujaa upepo papo hapo, ilhali treni halisi ya kilomita moja na zaidi husubiriwa, kisha breki zake hukaguliwa. Uzito nao unapewa tayari, bila makaratasi, na hili si dogo (walioishi San Bernardino, California, wanalijua): tarehe 12 Mei 1989 treni ya kampuni ya Southern Pacific iliyobeba madini ya trona, ambayo uzito wake ulikadiriwa chini ya ule halisi na baadhi ya breki zake za mota zikiwa mbovu, iliwashinda madereva kwenye mteremko wa Cajon na kuangukia nyumba za watu.

Kwa mwenye subira naipendekeza bila kusita, hata kama kompyuta yake ni ya kawaida. Ajue tu kwamba Marias Pass inahitaji nakala ya ule mchezo wa Microsoft. Asipoipata, aanze na njia zinazogawiwa bure.